Rangi ya unga, duko, zinki au chuma kitupu: kurudisha vyuma vya miguuni vya Mercedes W123 kwenye sura ya kiwandani

Ukilala chini ya Mercedes W123 ambayo haijawahi kuguswa na mpiga rangi, utaona mara moja kwamba haing'ai. Amu, ile mikono ya chuma inayounganisha gurudumu na gari, ni nyeusi iliyotulia. Nako, kile chuma kinachobeba habu, kina rangi ya chuma chenyewe. Vichwa vya bolti vina umanjano kama wa asali, na bushi, zile raba za kwenye viungo vya amu, ni mpira mweusi tu. Kila kifaa kilifika kwenye mstari wa kuunganishia kikiwa na kinga yake, kikafungwa, gari likasonga mbele. Tofauti hizo ndogo ndogo za rangi ndizo sura ya kiwandani.

Naanza hapo kwa sababu swali ninaloulizwa mara nyingi na wenye magari ya zamani ni hili: "Miguuni nipige rangi ya unga au duko?" Miguuni ni vyuma vyote vinavyoshika magurudumu chini ya gari; rangi ya unga ni ile kavu inayookwa, na duko ni rangi ya kawaida ya kupuliza. Anayeuliza anataka jibu moja kwa gari zima, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Nimeona W123 iliyotengenezwa kwa moyo wote na pesa nyingi, lakini chini kila kitu cheusi tii, kuanzia springi hadi nati, kama imechovywa kwenye pipa la lami. Mwenye gari alikuwa amefanya kazi kubwa na nzuri, ila alama zote za gari lake zilikuwa zimefunikwa. Nitalinganisha njia zilizopo, kifaa kwa kifaa, na kusema wazi ninayoichagua mimi na sababu yake.

Nimechukua W123 kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu. Ilianza kuuzwa mwaka 1976, ikaendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa 1986, karibu magari milioni 2.7. Mwaka 1977 Andrew Cowan aliishindia Mercedes mbio za London hadi Sydney akiwa na 280 E ya familia hii. Huku kwetu zilizobaki ni nyingi, na spea bado zinapatikana. Karibu yote nitakayosema yanafaa pia kwa Peugeot 504, Datsun au Volkswagen kobe, mradi usome alama za gari lako mwenyewe.

Kabla ya kuosha

Watu wanafungua, wanapeleka kwenye mashine ya presha, halafu ndipo wanauliza rangi ya asili ilikuwa ipi. Wakati huo ushahidi umeshakwenda na maji.

Uchafu wa miaka 40 ni kinga. Chini ya grisi na vumbi lililogandamana rangi ya kiwandani huwa imehifadhiwa vizuri kuliko mahali pengine popote. Chukua kijiti cha mbao, kitambaa na mafuta ya taa, ukwangue polepole, ukipiga picha kila hatua. Pahali pa kutafuta ni pale pasipofikiwa na mawe wala maji: chini ya kikalio cha raba cha springi, nyuma ya pleti ya bushi, ndani ya mkunjo wa amu ya chini.

Kwenye springi za W123 utakuta mistari midogo ya rangi iliyopigwa kwa brashi, ya buluu au nyekundu. Si mapambo. Springi zenye namba ile ile ya spea zilitofautiana kidogo kwa nguvu, zikapangwa kwa makundi, na rangi ndiyo iliyomwambia mfungaji ipi iende na ipi. Ukizifuta bila kuandika mahali, umepoteza habari ya kiufundi pamoja na sura. Vilevile hesabu vinundu kwenye vikalio vya raba juu ya springi. Vipo vya kinundu kimoja hadi vinne, na kila kinundu kinaongeza unene wa kama milimita 5. Mercedes walikuwa na mfumo wa pointi: kiyoyozi pointi kadhaa, paa la kufunguka pointi kadhaa, kisha jumla ndiyo iliyochagua springi na kikalio. Ndiyo maana W123 mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na springi tofauti, na ndiyo maana kuchanganya vikalio kunaliinamisha gari upande mmoja hata kama kila kitu ni kipya.

Neno moja la usalama hapa, na nalisema kwa uzito. Springi ya mbele ya gari hili imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua. Inatolewa kwa kibanio maalum chenye sahani kinachoingia ndani ya springi. Nimeona watu wakitumia nyaya na jeki. Usifanye hivyo, na usikae karibu na anayefanya hivyo.

Kutoa kutu: mchanga, magadi, molasi au asidi

Kupiga mchanga kwa kompresa ndiko kwa haraka. Amu moja inakwisha kwa dakika chache na uso unabaki na mkwaruzo unaoshika praima barabara. Shida ni kwamba mchanga hauchagui. Unakula tundu ambamo boljointi ya chini, kile kiungo cha tufe, inaingizwa kwa presi, unaharibu nyuzi, na ukizidisha unafuta namba zilizogongwa kwenye chuma. Ziba matundu yote kwa vizibo vya raba kabla ya kupeleka. Na mchanga wenyewe usiwe wa mtoni wala wa pwani: vumbi la silika linaharibu mapafu na hayaponi, na wa pwani unaongeza chumvi kwenye chuma unachotaka kukiokoa. Ulizia ganeti, yaani chembe za jiwe gumu, au shanga za kioo.

Magadi na umeme ndiyo njia niipendayo kwa vifaa vyenye maandishi. Ndoo ya plastiki, maji, vijiko kadhaa vya magadi, chaja ya betri ya volti 12. Kifaa chako kinafungwa upande wa hasi, kipande cha chuma chakavu upande wa chanya, na visigusane. Asubuhi unakuta kutu imegeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi ya kawaida, na chuma kizima hakijapungua hata kidogo. Namba ndogo kwenye nako, ambazo mchanga ungezilamba, zinasomeka kama zimegongwa jana. Fanyia nje, maana hewa inayotoka ni haidrojeni na inalipuka. Na chakavu hicho cha upande wa chanya kisiwe stenlesi, kinachafua maji kwa kromiamu yenye sumu.

Molasi, ile inayotoka viwanda vya sukari na kulishwa ng'ombe, ni njia ya mwenye subira: sehemu moja ya molasi kwa maji sehemu tisa, wiki moja hadi mbili. Harufu yake inakera majirani, lakini kwa klipu na vibati vyembamba hakuna iliyo pole kama hiyo. Usizamishe kitu chenye aluminiamu.

Asidi ya betri ni rahisi na ipo kila kona, na kwa springi na bolti ngumu naikataa moja kwa moja. Haidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike siku moja bila dalili yoyote. Kwa sababu hiyo hiyo springi siziweki kwenye ndoo ya magadi pia. Zenyewe zinapigwa shanga za kioo kwa presha ndogo, basi.

Rangi ya unga dhidi ya rangi ya kimiminika

Hapa ndipo ubishi ulipo, kwa hiyo nikae kidogo.

Rangi ya unga inapulizwa ikiwa kavu, inashika kwa umeme, kisha inaokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi hadi iyeyuke na kuwa ngozi moja. Sifa zake ni za kweli. Inastahimili mawe na grisi, na ukipeleka vifaa vyako asubuhi unaweza kuvichukua jioni. Kwa fremu ya trela au geti la nyumba siwezi kukushauri kingine.

Kwenye miguu ya gari la zamani ina kasoro nne, na ya kwanza ni sura. Unene wake wa kawaida ni maikroni 60 hadi 100, na inapoyeyuka inalainisha kila kingo. Namba zilizogongwa zinajaa, mshono wa welda wa kiwandani unayeyukia kwenye bati, na kitu kizima kinaonekana kama plastiki. Anayezijua gari hizi anakitambua akiwa amesimama, kabla hata hajainama.

Ya pili ni pale chuma kinapobanwa na chuma. Ukiacha unga chini ya kichwa cha bolti au kati ya pleti ya bushi na fremu, unasagika taratibu kwa mitikisiko, na bolti uliyoikaza kwa kipimo inalegea yenyewe. Hilo ni suala la uhai. Kama umeamua unga, ziba nyuso zote za kubana kwa tepu ya kustahimili joto, na fundi akisema haina haja, tafuta fundi mwingine.

Ya tatu, raba zote lazima zitoke kabla ya tanuri, na boljointi pia. Ya nne ni ile iliyonifundisha mimi. Nilipeleka springi za nyuma kwa karakana moja, zikarudi zinavutia kweli kweli. Masika ya pili nilipokuwa nasafisha, nikaona ufa mwembamba kama unywele pale mzunguko wa mwisho unapokalia kiti chake. Nikabonyeza kwa kucha, likatoka tone la maji. Nilipobandua ngozi hiyo, ikatoka kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake chuma kilikuwa na vishimo vya kahawia. Rangi ya kawaida ikichubuka unaiona na kuitengeneza. Unga ukipasuka unafunika, na maji yanakaa humo humo yakila. Kwenye springi, inayojikunja kila sekunde ya safari, kishimo ndiyo mwanzo wa kukatika.

Haki yake niitoe: viwanda vya leo vinapaka springi rangi ya unga, na zinadumu. Lakini huko chuma kinapita kwanza kwenye fosfati ya zinki, dawa inayokiandaa kishike rangi, na unene unapimwa. Karakana ya mtaani inayopaka mageti haina hatua hiyo.

Rangi ya kimiminika, ile ya kupuliza kwa bunduki, nayo ina aina zake. Duko la kawaida linakauka upesi na ni rahisi, lakini tone moja la mafuta ya breki linalitoa hadi chuma, na miguuni mafuta ya breki hayakosekani. Enameli ni bora kidogo, inachelewa kukauka. Ninayoitumia ni praima ya epoksi, juu yake rangi nyeusi ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha iwe ngumu), nusu mng'aro. Inastahimili grisi na mawe kwa kiwango cha kuridhisha, ni nyembamba kiasi kwamba namba na alama za welda zinaonekana, na ikichubuka unaigusa kwa brashi bila kufungua kitu. Hadina ina kemikali inayoharibu mapafu, kwa hiyo barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaa ile yenye vichujio vya kemikali na upulizie penye hewa inayopita.

Kiasi cha mng'aro usikikisie. Paka vipande vitatu vya bati kwa viwango tofauti vya dawa ya kupunguza mng'aro, viache vikauke siku mbili, kisha vilinganishe na ule weusi uliouhifadhi chini ya kikalio cha springi. Fanya hivyo juani, taa ya gereji inadanganya. Mara zote watu wanachagua kinachong'aa kuliko cha kiwandani, na mimi pia mkono wangu unavutwa huko.

Kwa hiyo amu za chini, amu kubwa za nyuma na fremu yake, stabilaiza (ile fimbo inayozuia gari kulala upande) na springi: rangi ya hadina, nyeusi, nusu mng'aro. Kama gari ni la kazi, linapita barabara ya changarawe kila siku na hujali namba kusomeka, fremu na amu za nyuma unaweza kuzipiga unga ukiziba nyuso za kubana. Springi hapana.

Vyuma vilivyoachwa vitupu

Nako na vipande vingine vilivyofuliwa viliacha kiwanda bila rangi au na mafuta ya kinga tu. Kuvipaka vyeusi ndilo kosa ninaloliona zaidi kuliko yote.

Njia ya kwanza ni kusafisha na kupaka vanishi isiyo na rangi. Kwa wiki kadhaa hakuna kinachopendeza zaidi. Kisha, hasa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, chumvi ya hewani inafanya kazi yake: kutu inatambaa chini ya vanishi kwa nyuzi nyembamba kama njia za mchwa, na dawa ni kubandua yote na kuanza upya. Nairobi au Arusha inakaa muda mrefu zaidi.

Njia ya pili ni fosfati, ambayo inakipa chuma kijivu cheusi kisichong'aa, kisha mafuta au nta. Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli, lakini inadai ufute na kupaka nta tena kila mara gari likiloa. Ni ya mtu anayetoa gari mara chache kwa mwaka.

Ya tatu, ninayoichagua kwa gari linaloendeshwa pwani, ni kuigiza rangi ya chuma juu ya praima ya epoksi. Siri iko kwenye kutambua chuma chenyewe. Kilichofuliwa kina kijivu cheusi chenye ubuluu kidogo, kwa sababu ya gamba linalobaki baada ya moto. Kilichosubiwa ni kijivu cheupe zaidi chenye chembechembe. Ukitumia kopo moja la rangi ya fedha kwa vyote, kazi inageuka kuwa ya bati la paa. Mimi huchanganya kijivu na nyeusi kidogo, napuliza safu nyepesi mbili zisizolingana, na sehemu zilizochongwa kwa mashine naziacha na weupe wake. Anayeangalia kwa karibu sana ataitambua, lakini kwa mita moja inapita.

Bolti na nati

Bolti za miguuni za W123 zilipakwa zinki kisha zikachovywa kwenye kromati ya manjano. Mpya za leo mara nyingi zinakuja na rangi ya fedha, kwa sababu sheria ya magari chakavu ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 iliweka ukomo wa kromiamu yenye sumu kwenye magari mapya. Kiufundi hazina kasoro. Kwa macho ni tofauti kubwa.

Kama bolti zako hazijaliwa na kutu wala kurefuka, napendelea kuzipaka upya hizo hizo. Kichwani zina alama ya aliyezitengeneza pamoja na daraja la nguvu, 8.8 au 10.9, na alama hizo ni sehemu ya gari. Zinki haizidi maikroni kama 10, nyuzi hazizibi. Ila bolti za 10.9 kwenda juu lazima ziokwe kwa saa kadhaa kwenye kama nyuzi 200 mara baada ya zinki, kutoa ile haidrojeni niliyoitaja. Mpangilio ni zinki, kuoka, ndipo manjano, maana manjano yenyewe hayavumilii joto la tanuri. Muulize fundi wa kupaka zinki swali hilo hilo: unaoka lini? Akikosa jibu, nunua mpya za fedha na ulale usingizi. Bolti za kurekebishia pembe za magurudumu kwenye amu ya chini zikiwa zimelika mimi nabadilisha bila kufikiria sura. Nati za kujifunga ni mpya siku zote.

Bushi, na amu ya juu

Raba au poliyurethani? Kwa sura ya kiwandani hakuna mjadala, ni raba nyeusi. Poliyurethani inadumu na haidhuriki na mafuta, lakini inapitisha mtetemo ndani ya gari lililopendwa kwa ulaini wake, na isipotiwa grisi yake inalia. Raba inafanya kazi kwa kujipinda. Kwa hiyo bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake wote. Ukikaza likiwa juu ya jeki, bushi mpya inapindwa muda wote na kuchanika mapema, halafu watu wanalaumu spea.

Amu ya juu inakuja na boljointi yake kama kitu kimoja, kwa hiyo boljointi ikiisha unabadilisha amu nzima. Za bei ya chini zinang'aa sana na hazina alama ya kiwanda. Zikwaruze kwa msasa laini, funika raba, uzipulize ile nyeusi uliyopatia kwenye bati la majaribio.

Kuchagua kulingana na gari litakavyoishi

Anayeandaa gari kwa mashindano ya Africa Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, ambako majaji wanapima magari kwa macho makali, achukue fosfati na nta kwa vyuma vitupu, zinki ya manjano, raba, na hadina nusu mng'aro kwa vingine. Anayeendesha kila siku pwani achukue mpango huo huo, ila vyuma vitupu aviigize kwa rangi, na ndani ya amu apulize nta ya mashimo. Mwenye bajeti ndogo aanze na springi, bushi na bolti. Amu zinaweza kusubiri zikiwa zimesafishwa na kupigwa enameli, kwa kuwa kuzitengeneza baadaye hakudai kurudia kazi nyingine.

Kazi ya mwisho kwangu ni alama. Nikishafunga kila kitu na kukaza kwa kipimo, nachukua brashi ndogo na zile picha za siku ya kwanza, narudisha mstari wa buluu kwenye springi, mzunguko ule ule na upande ule ule. Mfungaji wa kiwandani alipaka kwa haraka, ukingo ukavuja kidogo kushoto. Nauacha uvuje hivyo hivyo.